Mgeni wa Chumba cha Juu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Kata ya Cửa Sậy, Hanoi
Tarehe 16 Novemba 2023, saa 3:10 asubuhi

Jina: Đoàn Thị Lụa
Umri: miaka 57
Kazi: muuza supu ya tambi, pia hukodisha chumba
Makazi: nyumba namba 41, Kichochoro cha Reli, Cửa Sậy
Yameandikwa na: Luteni Mạc Đình Khuê

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Sikuitwa. Nimekuja mwenyewe kwa miguu baada ya kufunga biashara yangu mapema.

Nimeishi kando ya reli tangu nilipoolewa. Chini napika na kulala, na juu kuna chumba kimoja ninachokodisha kwa wageni wasioweza bei za hoteli. Binti yangu anafanya kazi Hải Phòng, naye ndiye anayekitangaza kwenye simu. Nyumba namba 43, tunayogawana nayo ukuta na ngazi, ni ya Phí Văn Toản, mwenye mkahawa. Toản ni mtoto wa kaka wa marehemu mume wangu. Ananiita mama mdogo. Amekula jikoni kwangu tangu hajaota meno.

Mnamo Jumatano tarehe 8 Novemba, asubuhi, nikiwa nauza supu mlangoni, alifika mama mmoja ambaye baadaye nilimjua kwa jina la Huỳnh Thị Lượm, miaka 63, kutoka Cà Mau, kusini kabisa. Alikuwa amesafiri kwa treni kwenye viti vya mbao, usiku na mchana, na miguu yake ilikuwa imevimba. Alibeba begi moja na mfuko wa nailoni. Ndani ya begi kulikuwa na jiko dogo la umeme la kupikia wali, mchele wake mwenyewe, na chupa ya samaki waliochachushwa, imefungwa kwa mifuko mitatu na bado ilinuka mpaka kwa jirani. Ndani ya mfuko wa nailoni kulikuwa na áo dài zake nne, zile kanzu zetu ndefu zenye pande la mbele na la nyuma, zimekunjwa vizuri na kuwekewa karatasi katikati ili zisichujiane rangi.

Siku hiyo ya kwanza sikumpenda. Alikuwa na sauti kubwa na alikuwa anagusa kila kitu. Nilimwambia chupa yake ikae nje ya dirisha. Alisema sawa, ila nikitamani kuonja nisione haya kupanda. Nilipompa bakuli la supu ya kaa aliuliza sukari iko wapi. Nikamwambia sisi hatutii sukari kwenye supu. Akasema mbele ya wateja wangu, “Ndiyo maana watu wa Hanoi mna nyuso kama mmetoka kung’olewa jino.” Wateja walicheka. Nikamjibu kwamba kwao Cà Mau wanatia sukari mpaka kwenye dawa ya macho. Naye akacheka, akanywa supu yote, akaomba nyingine. Kuanzia hapo aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada.

Aliniambia kazi yake ilikuwa kung’oa vichwa vya kamba kwenye kiwanda cha samaki, tangu ujana hadi alipostaafu. Vidole vya mkono wake wa kulia havikuwa vinakunjika tena vizuri. Alisema nyumbani kwake ukutani kuna kalenda ya zamani yenye picha za Hanoi, kila mwezi picha yake, na kwamba ameitazama akila wali miaka mingi kiasi cha kuijua bila kutazama. Mume wake alikuwa akimwambia wataenda mwakani. Mume alipofariki, na mwaka wa kuombolezea ukaisha, alikata tiketi. Hakumuaga binti yake mpaka treni ilipokwisha ondoka, kwa sababu alijua angezuiwa.

Jumatano hiyo na Alhamisi alizunguka peke yake. Alikwenda kila mahali kwa miguu. Alikuwa anapanda ngazi akirudi, naisikia pumzi yake kutoka jikoni. Ijumaa alinisihi nimsindikize kumpiga picha, kwa sababu watu aliowaomba njiani walimkata kichwa au miguu. Nilikwenda naye ziwani, kisha kwenye Hekalu la Elimu. Alikuwa anabadilisha nguo chooni na kutoka na áo dài nyingine, wahudumu wakawa wanamsubiri waone ijayo ni rangi gani. Alitaka picha na kila kobe wa mawe wa pale, na wale kobe ni wengi. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaingia humo tangu binti yangu alipokuwa na mtihani. Ninasema haya kwa sababu nimeulizwa tulijuana kiasi gani. Tulijuana siku nne. Ijumaa ile nilicheka kuliko nilivyocheka tangu nifiwe na mume wangu.

Jumamosi tarehe 11 ilikuwa siku yake ya mwisho. Jumapili alikuwa arudi kwao. Áo dài ya nne, nyekundu yenye maua ya dhahabu, alikuwa hajaivaa bado. Alisema anataka kupigwa picha nayo hapo hapo nyumbani, kwenye reli, kwa sababu binti yake alishawahi kumwonyesha kichochoro chetu kwenye simu na hakuamini kwamba watu wanaweza kunywa kahawa mahali treni inapita.

Naomba nieleze utaratibu wetu. Kichochoro kilikuwa kimefungwa kwa wageni tangu mwezi uliotangulia. Kuna kizuizi mwanzoni, na askari. Lakini wenye mikahawa huwapitisha wageni kwenye nyumba za upande wa pili, na hilo nanyi mnalijua. Toản huweka meza zake katikati ya reli wakati hakuna treni. Treni za kwenye ratiba kila mmoja wetu anazijua, hata mbwa wanazijua. Zisizo kwenye ratiba, kwa mfano kichwa cha treni kinachorudishwa karakana bila mabehewa, hutujia kwa simu. Mlinzi wa geti la barabara inayokatiza reli, Bwana Nghị, anapoambiwa kuna kichwa kinakuja humpigia Toản, na Toản hupuliza filimbi. Sote tukisikia filimbi tunaondoa vitu na watu. Filimbi ni moja tu na iko kwa Toản, kwa sababu yeye ndiye kijana na yuko katikati ya safu. Tumekuwa tukifanya hivyo miaka mingi, na hata kuku hajawahi kufa.

Mnamo saa 8:30 mchana, Jumamosi hiyo, dada Lượm alishuka akiwa amevaa áo dài nyekundu na koti langu la sufu juu yake, maana baridi yetu ilikuwa inamtesa. Alivua koti akanipa nilishike. Wateja wa Toản walikuwa meza tatu, wengi wao wageni wa nchi za nje, vijana. Ilikuwa Jumamosi yake ya kwanza kupata watu tangu kichochoro kifungwe. Alikuwa na furaha. Alimwona dada Lượm akamwambia, “Shangazi wa Cà Mau, kaa hapa nikuletee kahawa ya yai, bure kabisa, upambe meza yangu.” Alimwekea kigoda kwenye meza ya mwisho, ile yenye spika, katikati ya reli. Dada Lượm akaniuliza kama ni salama. Toản ndiye aliyemjibu. Alisema hakuna treni mpaka jioni.

Mimi nilisimama kwenye kizingiti changu nikiwa na simu ya dada Lượm, nampiga picha. Toản alikuwa amesimama mlangoni kwake, karibu nami kiasi cha kunyoosha mkono na kumgusa. Simu yake ililia. Aliitazama, akaipokea. Nilimsikia akisema maneno haya: “Mzee, nipe dakika tano tu. Ndiyo kwanza wamekaa.” Akasikiliza kidogo, akacheka, akasema, “Basi kizuie wewe kwa mkono.” Akairudisha simu mfukoni. Kisha akaingia ndani akatoka na kahawa mbili juu ya sinia.

Nimeulizwa kama nilijua simu ile ilitoka kwa nani. Toản humwita Bwana Nghị “Mzee”, hamwiti mtu mwingine hivyo. Nimeambiwa pia kwamba Bwana Nghị amesema hakupiga simu yoyote, kwa kuwa kanuni za kazi yake haziruhusu. Sina la kusema juu ya Bwana Nghị. Amebakiza muda mfupi astaafu. Ninasema nilichokisikia kwa masikio yangu.

Nimeulizwa kwa nini mimi sikupiga kelele. Nilidhani, kama ni kichwa cha treni, Toản ana hesabu yake. Ndiye mwenye filimbi. Niliendelea kupiga picha. Dada Lượm alikuwa ananiambia nisimkate miguu.

Kichwa cha treni kisicho na mabehewa hakitetemeshi nyumba kama treni nzima. Sisi tumezoea vikombe kugongana kabatini kwanza, ndipo honi. Siku hiyo vikombe havikugongana. Tulisikia honi, na honi ilikuwa tayari iko kwenye kona ya nyumba namba 20. Toản akapuliza filimbi wakati huohuo, honi na filimbi kwa pamoja.

Wale vijana waliruka haraka. Meza mbili za kwanza ziliondolewa na mke wa Toản, Thoa, na mteja mmoja. Dada Lượm aliinuka vizuri tu, hakuwa na hofu. Kisha akakwama. Pande la mbele la áo dài yake lilikuwa limeshikwa chini ya mguu wa meza. Meza ile ni ya chuma, na juu yake kulikuwa na spika kubwa. Aliivuta nguo kwa mkono wa kulia, na vidole havikushika. Akamgeukia Toản aliyekuwa amefika hapo, akasema, bila kupaza sauti, “Mwanangu, nguo.”

Toản alishika meza kwa mikono miwili akaivuta kuelekea upande wake. Spika ilikuwa inaanguka naye akaiegemeza kifuani. Meza iliondoka na nguo, na nguo ikaondoka na dada Lượm. Alianguka kwa magoti juu ya chuma cha reli. Hapo nguo ilichanika, nilisikia ikichanika, kwa hiyo alikuwa huru, lakini alikuwa chini. Alikuwa anajaribu kuinuka kwa mkono mmoja.

Niliacha kizingiti. Sikumbuki kushuka. Nakumbuka kwamba nilikuwa nimeshafika kwenye kokoto na nimemshika vidole. Mtu alinikumbatia kiunoni kutoka nyuma akanirusha ukutani. Alikuwa Thoa, mke wa Toản. Bila yeye leo kungekuwa na maiti wawili. Naomba hilo liandikwe vizuri, kwamba Thoa aliniokoa.

Kuhusu kilichofuata, Luteni, mna picha zenu mlizopiga. Sitasema.

Kichwa cha treni kilisimama mbali, karibu na geti. Koti langu la sufu lilikuwa bado begani kwangu. Toản alikuwa ameketi na meza yake mapajani, spika imeegemea shingo yake, na muziki ulikuwa bado unacheza. Thoa ndiye aliyekwenda kuuzima.

Askari walipofika, mnamo saa 9 na dakika chache, walimuuliza Toản, naye akajibu kwa niaba ya sote. Alisema mama huyo alikuwa amekatazwa, akarudi relini mwenyewe kwa ajili ya picha. Mimi nilikuwa sakafuni jikoni kwangu. Askari mmoja aliingia, akaniangalia, akasema mama huyu aachwe apumzike. Hakuna aliyerudi kuniuliza.

Jumapili asubuhi watu wa safu yetu walikutana kwa Toản. Nilikwenda. Walikubaliana kwamba habari ni moja: alikatazwa, hakusikia, kusini watu ni wabishi. Mmoja alisema kichochoro kikifungwa kabisa sote tutakula kokoto. Hakuna aliyesema uongo kwa furaha. Bibi wa nyumba namba 37 alilia muda wote na bado aliinua mkono kukubali. Mimi sikuinua mkono wala sikusema kitu. Thoa alinisindikiza mpaka mlangoni akaniambia, “Mama mdogo, nilikushika kwa nguvu zangu zote.” Nilimwelewa.

Jumatatu tarehe 13 binti wa marehemu alifika kwa ndege, Ngô Thị Mén, miaka kama 40. Alikuwa amevaa kandambili na baridi ile. Nilimpandisha chumbani, akakusanya vitu vya mama yake. Lile jiko la wali lilikuwa bado na wali. Aliniuliza mama yake alikuwaje siku hizo. Nilimwambia alikuwa na furaha, na hilo ni kweli. Nilimwonyesha picha. Alizitazama zote bila kulia, akawa anauliza hapa ni wapi, na hapa ni wapi, nami namtajia. Alipofika kwenye picha za nguo nyekundu alizima simu.

Kisha aliniomba nimpeleke kwa mwenye mkahawa. Nilidhani anataka kumuuliza. Alikuwa ameleta kutoka kwao mfuko wa kamba wakavu, zawadi. Alisimama mbele ya Toản, akainama, akampa kwa mikono miwili. Alisema, “Kaka, mama yangu alikuwa haambiliki. Hata sisi hakutuaga. Naomba mtusamehe kwa usumbufu tuliowaletea, na biashara yenu iliyosimama.”

Nilimtazama Toản. Nilingoja. Nilifikiri atashindwa kuupokea ule mfuko. Aliupokea kwa mikono miwili. Akasema, “Basi, dada, yameshapita.”

Binti akainama tena, na kwangu pia akainama. Jioni ile akaondoka na mama yake.

Jumanne na Jumatano niliuza supu kama kawaida. Sikuweza kula. Nilikuwa nikimwona yule binti akirudi Cà Mau, akiwaambia ndugu zake kwamba mama yao amekufa kwa ubishi wake, na kwamba watu wa Hanoi wamewasamehe.

Leo asubuhi kabla ya kuja hapa nilimwita Toản kwenye ngazi tunazotumia pamoja. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Nilimwambia ninakwenda kituoni. Alikaa kwenye ngazi. Alisema, “Mama mdogo, sikuiona ile nguo. Naapa kwa kaburi la baba, sikuiona.” Nikamwambia, “Kuhusu nguo nakuamini. Simu uliisikia.”

Kisha akauliza kama nitaitaja simu. Nikasema nitaitaja. Akasema ile ilikuwa dakika tano tu. Nikamwambia najua. Hakunitukana, hakunizuia. Aliinuka akanipisha njia, kwa sababu ngazi ni nyembamba. Nilipokuwa nimeshashuka alisema kwamba nikitoka kituoni nisipite mlangoni kwake kwa muda, kwa ajili ya Thoa.

Nimeulizwa kama nina ugomvi na Phí Văn Toản juu ya nyumba, ukuta au jambo lingine. Sina. Nimeulizwa kama ninafikiri alikusudia kumuua marehemu. Hapana. Aliokoa meza. Nafikiri mikono yake iliwahi meza kwa sababu ndiyo aliyozoea kuondoa kila siku. Lakini simu haikuwa ya mikono. Alifikiri, akacheka, akajibu.

Nimeulizwa kama kuna jambo lingine. Naomba mtu wa serikali, siyo mimi, ampigie simu Ngô Thị Mén na kumweleza kwamba mama yake aliuliza kama ni salama kabla hajakaa. Hilo ndilo ninalotaka alijue kwanza.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, na sina la kupunguza.

(Sahihi) Đoàn Thị Lụa

Maandishi ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa sauti, akayakubali kuwa ni sahihi. Aliomba sehemu inayomhusu Thoa isomwe mara ya pili. Amekabidhi simu ya marehemu, ambayo binti wa marehemu alikuwa ameiacha kwake; picha zilizomo hazionyeshi tukio lenyewe. Nilimuuliza kama angependa asindikizwe nyumbani kwa njia ambayo haipiti nyumba namba 43. Alisema kizuizi tulichoongeza baada ya ajali kimefunga upande wa pili wa kichochoro, kwa hiyo njia hiyo haipo. Aliondoka peke yake saa 5:25 asubuhi.

Luteni Mạc Đình Khuê